Mawe Niliyoyaokota Mwambani

Nilikabidhiwa idara siku ya Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana. Mkuu aliyenitangulia alikuwa mgeni kutoka Ulaya, mkataba wake ulikuwa umekwisha na ndege yake ilikuwa Jumapili. Alinipa ufunguo wa kabati lenye majani makavu ya miti ya kwao, kila jani limebandikwa kwenye karatasi yake, akaniambia kwa upole kwamba mawaridi yaliyo mbele ya jengo yasisahauliwe. Tukapeana mikono. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na chini yangu kulikuwa na walimu wawili, wanafunzi tisa na meza za kuchorea zilizoyumba.

Tulifundisha usanifu wa mandhari, yaani kupanga ardhi iliyo nje ya nyumba: njia, miti, maji, mahali pa kukaa na mahali pa kupita. Kazi hiyo nilijifunza katika nchi ya baridi. Niliweza kuchora bustani ya hospitali huku macho nimeyafumba, lakini mama yangu mzazi, kule Usambara, sikuwahi kumweleza kazi yangu akaelewa. Mara ya mwisho alipouliza nilimwambia nafundisha watu kutazama. Akauliza kama wanafunzi wangu ni vipofu.

Ulikuwa wakati wa vijiji. Kila idara ilitakiwa iandike inafanya nini kwa ajili ya watu wanaohamia vijijini. Wenzetu wa uhandisi walikuwa na pampu zao, wenzetu wa kilimo walikuwa na mbegu zao. Mimi, kwa ujasiri wa mtu asiyejua anachoahidi, niliandika kwamba tutapanga kijiji kizima. Nilitegemea barua ile ingelala kwenye faili mwaka mzima. Jibu likaja baada ya wiki tatu: tuende mkoa wa Singida, wilaya ya Iramba, upande wa Kinyangiri, ambako watu waliokuwa wametawanyika wangekusanywa mahali pamoja.

Tulikwenda wote, walimu na wanafunzi, mwishoni mwa mwezi wa tano. Garimoshi lilitushusha Manyoni, tukapanda lori la magunia, likaharibika Mkiwa. Tulishinda pale siku nzima tukila karanga na kutazama barabara. Nilitazama nchi ile nikaiona tupu. Kwetu ni milima, migomba na ukungu. Ukisimama mlangoni huoni mbali kuliko shamba la jirani. Hapa niliona mbali mno, na katika umbali huo niliona vichaka, ng'ombe na mawe. Mawe makubwa kuliko nyumba, yamekaa peke yake katikati ya tambarare. Niliandika kwenye daftari langu: "Ardhi hii inangoja kupangwa." Ninalo bado daftari hilo na sipendi kulisoma.

Mwenyekiti wa kijiji alitupokea vizuri. Alikuwa mtu mrefu, mkulima, aliyekuwa amevaa koti juu ya shuka. Aliwatambulisha wanafunzi wangu kwa wazee, kisha akafika kwangu akakwama.

"Ndugu Mwalimu, wewe ni bwana shamba?"

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti."

"Bwana mifugo?"

"Hapana. Mimi nashughulika na mpango wa ardhi, miti, njia, bustani..."

"Bustani za maua?"

"Na maua pia," nikasema.

Basi. Tangu siku hiyo nilikuwa Bwana Maua, kuanzia kwa watoto hadi kwa katibu tarafa.

Eneo lililochaguliwa lilikuwa zuri. Upande mmoja kulikuwa na korongo lenye maji ya msimu, upande wa pili udongo mwekundu wa shamba la pamoja, na katikati kulikuwa na mwamba. Haukuwa mwamba wa kusimama kama ile tuliyoiona njiani. Huu ulikuwa umelala, mpana kama viwanja viwili vya mpira, umeinuka kidogo tu juu ya udongo kama mgongo wa mnyama aliyezikwa. Hakuna kilichoota juu yake. Nilipoupanda siku ya kwanza nilifurahi sana, kwa sababu niliona nimepata jibu. Ghala la kijiji na ofisi vingejengwa pale juu: msingi upo tayari, mchwa hawafiki, na hatupotezi hata kipande cha ardhi ya kulima. Kwenye ramani niliandika "eneo tupu", nikachora mistatili miwili iliyonyooka.

Upepo wa Singida ulitusumbua. Ulikuwa unavuma tangu saa tatu asubuhi, unanyanyua karatasi, unazikunja, unazipeleka kwenye miiba. Bahati nzuri mwamba ule ulikuwa na mawe madogo mengi, ya ukubwa wa ngumi, yamekaa kwa mistari mistari. Tuliyaokota tukayatumia kukandamizia ramani. Mengine tuliyaweka kwenye pembe za ghala tulilokuwa tunalipima. Kwa matatu makubwa tulitengeneza mafiga ya kupikia.

Katika darasa langu kulikuwa na binti mmoja tu, mzaliwa wa huko huko Manyoni, msichana mtulivu ambaye kila alichokiona alikigusa kwanza kwa mkono. Siku ya pili alinijia na jiwe kiganjani.

"Mwalimu, haya mawe yamepangwa."

"Watoto wamecheza," nikamjibu bila kuinua kichwa.

"Mstari mmoja una hatua arobaini. Watoto gani wanacheza mchezo mrefu hivyo?"

Nilimwambia arudi kwenye kazi yake. Akarudi.

Siku ya nne tuliitisha mkutano. Nilitundika ramani ukutani mwa nyumba ya mwenyekiti, nikaeleza safu za nyumba, zahanati, shule, kisima, na juu ya mwamba ghala na ofisi. Watu walipiga makofi. Niliuliza kama kuna swali. Wanaume wawili waliuliza kuhusu zizi la ng'ombe. Wanawake walikuwa wamekaa upande wao na hakuna aliyesema neno, nami nikauchukua ukimya wao kuwa ni kukubali. Kesho yake ofisa wa mipango aliyekuja kutoka wilayani alikunja nakala ya ramani, akaondoka nayo.

Siku iliyofuata, asubuhi, walikuja wanawake kama kumi na tano na mafagio ya vijiti. Mtama ulikuwa unakaribia kuvunwa. Walipanda mwamba wakiongea na kucheka, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Nilikuwa chini nikinywa uji. Niliinua uso kwa sababu ya ule ukimya.

Mama mmoja mfupi, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, aliteremka polepole hadi tulipokuwa tumepiga kambi. Binti yule aliinuka kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nami nikamwamkia. Aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye mafiga yetu. Aliinama, akasogeza sufuria ya uji kando, akatoa jiwe moja kwa kipande cha gunia maana lilikuwa la moto. Upande mmoja lilikuwa jeusi kwa masizi.

"Bwana Maua," akasema, "hili ni mpaka wangu na mke mwenzangu. Umelipikia uji."

Nilitaka kucheka, lakini niliona uso wake.

Binti ndiye aliyeuliza nililopaswa kuuliza mimi siku nne nyuma: mpaka wa nini? Yule mama akatupandisha mwambani akatuonyesha. Kila nyumba ilikuwa na sehemu yake juu ya mwamba ule. Hapo ndipo walipoanika mtama na uwele, hapo ndipo walipopura kwa fimbo, hapo ndipo walipopepeta. Sehemu hizo zilirithiwa, kutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mwanawe. Mistari ya mawe ilitenganisha nafaka ya huyu na nafaka ya yule ili punje zisichanganyike. Na sisi, wasomi kumi na wawili, tulikuwa tumeifuta karibu nusu ya mistari hiyo kwa siku nne.

Nikamuuliza kwa nini hawakusema mkutanoni.

"Uliuliza kama tuna swali," akasema. "Hukuuliza tunapuria wapi."

Nilikwenda kwa mwenyekiti mbio mbio. Nilimkuta akinoa jembe. Nilimuuliza kama alijua kuwa mwamba ule ni wa kupuria.

"Kila mtu anajua," akajibu kwa mshangao.

"Mbona ulinyamaza nilipochora ghala juu yake?"

Alitua jembe. "Nilidhani ghala linakuja na mashine ya kupuria. Mtu wa chuo kikuu hawezi kuondoa mahali pa kupuria kama hana mashine. Huna?"

"Sina."

"Hata ndogo?"

"Hata ndogo."

Aliguna, akafuta mikono kwenye koti lake. "Sasa hapo, Bwana Maua, tuna kazi."

Kazi ya kwanza ilikuwa kurudisha mawe. Nilidhani ingekuwa ya saa moja. Ilichukua siku mbili, na katika maisha yangu yote ya kufundisha sijapata siku mbili nilizojifunza zaidi ya hizo. Yule mama alitembea juu ya mwamba akiwa ameinama, miguu mitupu, akitusomea. Mahali palipopurwa miaka mingi palikuwa laini na peupe kuliko pengine. Mahali ambapo jiwe la mpaka lilikaa muda mrefu palikuwa na duara jeusi lisilopigwa na jua. Alituonyesha ufa mwembamba ambao wote waliukwepa kwa sababu unameza punje. Alituonyesha kwa nini sehemu za kupepetea ziko upande wa magharibi: upepo unatoka mashariki, na makapi yanaruka ukingoni hadi chini, ambako ng'ombe wanayala. Kila aliponiambia jambo niliuliza jingine. Niliuliza mpaka akachoka.

"Kwani wewe kwenu mnapuria wapi?"

"Kwetu hatulimi mtama, mama. Tuna ndizi."

"Ndizi hazipurwi?"

"Hazipurwi."

Alinitazama kwa huruma. Nafikiri hapo ndipo aliponisamehe.

Ugumu ulikuwa kwenye mpaka wake mwenyewe. Mume wao alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na tangu mazishi yeye na mke mdogo hawakuwa wakisemezana. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake na shamba lake. Mwamba ndio mahali pekee walipokaa karibu, na mstari ule wa mawe uliwatosha. Hapakuwa na haja ya maneno. Sasa mstari haukuwepo, na alama zake zilikuwa zimefifia kwa sababu mawe yake yalikuwa yanahamishwa hamishwa tangu zamani.

Mke mdogo aliitwa. Alikuja amefunga khanga kiunoni, mwanamke mwembamba mwenye sauti kali. Alisimama upande wake, mwenzake upande wa pili, na mimi katikati na lile jiwe jeusi mkononi kama mshtakiwa.

"Mwambie mpaka ulipita hapa," akasema mke mdogo, akiniambia mimi.

"Mwambie ulipita pale," akasema mke mkubwa, naye akiniambia mimi.

Nikapeleka maneno huku na huku, ingawa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine hapakuzidi hatua nne. Jua lilipanda. Wale wanawake wengine walikaa kitako kutazama. Mwisho mke mdogo aligeuka akamtazama mwenzake moja kwa moja.

"Mwaka ule wa nzige, wewe ulianika wapi uwele wa shamba la mtoto wako mkubwa? Si hapa nilipokanyaga?"

Mke mkubwa akajibu, naye akimtazama usoni: "Nilianika hapo kwa sababu uliniruhusu."

"Kumbe unakumbuka."

"Nakumbuka."

Waliendelea kwa Kinyiramba, haraka haraka, nami sikuelewa hata neno. Binti naye hakuelewa. Waligombana, nina hakika waligombana, mara mbili mke mdogo alipiga mwamba kwa kisigino. Halafu mke mkubwa akanyoosha mkono nikampa jiwe, akaliweka. Wakatembea pamoja mstari mzima, mmoja anaweka, mwingine anasogeza kidogo. Baadaye mke mdogo alimwambia binti, kwa Kiswahili, kwamba mwenzake amejiongezea kama dhiraa moja. "Lakini mwache. Ana wajukuu wengi."

Nilichora ramani ya mwamba ule. Nilichora kila sehemu, kila ufa, kila mahali pa kukalia, njia ambayo upepo unapita na njia ambayo makapi yanakwenda. Kisha tukaitisha mkutano wa pili, na safari hii nilisimama nikasema nimekosea. Watu hawakujua wapige makofi au wasipige. Niliwaomba wanawake waseme ghala likae wapi, na wakasema, hata bila kushauriana: ukingoni mwa barabara, kwenye kilima kidogo cha changarawe, maana gunia lililojaa hakuna anayependa kulibeba kupanda mwamba. Nilikuwa sijafikiria jambo rahisi namna hiyo.

Ramani ya kwanza ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri. Nilikwenda mwenyewe Kiomboi, makao makuu ya wilaya, na ramani ya pili, nikakaa kwenye benchi siku moja na nusu. Ofisa wa mipango aliitazama, akauliza swali moja tu.

"Mwamba huu una faida gani kwa taifa?"

"Hapo ndipo mtama unapotoka kwenye suke, ndugu. Ghala litapokea kilichotoka hapo."

Alifikiri, akapiga muhuri.

Ningependa kusema kwamba kijiji kilikuwa kizuri. Kilikuwa cha kawaida. Safu za nyumba zilibaki zimenyooka kama ilivyotakiwa, na kwa nusu ya watu mwamba ulikuwa mbali kuliko zamani, wakawa wanatembea na masuke kichwani asubuhi nzima. Na kosa kubwa zaidi sikuliona kabisa. Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, wakati wa mvua, nilipata barua ya mwenyekiti: "Ndugu Mwalimu, salaam. Safu ya tatu imeingiwa na maji." Nilipanda garimoshi tena.

Safu ya tatu ilikuwa chini ya mwamba, upande wa kusini. Nilimkuta yule mama mfupi akisaidia jirani kuanika magodoro ya majani.

"Mwamba haunywi maji," akaniambia. "Yote yanamwagika huku. Tangu tuzaliwe yanamwagika huku."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Uliniuliza habari za mtama."

Hakusema kwa ubaya. Tulichimba mfereji wiki nzima, wanakijiji na mimi na binti yule ambaye alikuwa ameomba ruhusa kuja nami, tukayageuza maji yaende kwenye bwawa dogo la kunyweshea ndama. Mwenyekiti aliliandika bwawa kwenye taarifa yake kama lengo lililotimizwa. Sikumlaumu. Nyumba mbili zilikuwa zimebomoka, na waliokuwa wakiishi humo walijenga upya kwa mikono yao mahali walipochagua wenyewe, nje ya mstari wangu. Ndizo nyumba zilizokaa vizuri kuliko zote.

Chuoni nilipeleka mtaala mpya. Nilitaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asishike penseli ya kuchorea muhula mzima wa mwanzo. Apelekwe mahali ambapo ramani imeandika "tupu", akae na watu, arudi na orodha ya yote yanayofanyika hapo. Katika kikao cha kupitisha mitaala profesa mmoja wa uhandisi, mtu niliyemheshimu, alivua miwani.

"Kupura mtama ni elimu ya chuo kikuu?"

Nilibandika ramani ya mwamba ubaoni. Waliinuka mmoja mmoja kuja kuitazama. Profesa naye alikuja, akaweka kidole kwenye ufa unaomeza punje, akauliza kama mawe ya namna hii yanapanuka kwa joto la mchana. Nikamwambia sijui. Akasema angependa kujua. Mtaala ulipita kwa tofauti ya kura chache, na nafikiri ulipita kwa sababu ya swali lake.

Niliongoza idara ile miaka mingi baada ya hapo. Ilikua, tukapata jengo letu, tukapata walimu tuliowafundisha wenyewe. Wa kwanza kuajiriwa alikuwa yule binti wa Manyoni. Alikuwa mwalimu mkali, na katika vikao alinibishia kuliko mtu yeyote. Mwaka wake wa kwanza wa kufundisha aliwapeleka wanafunzi Shelui, pale malori ya kwenda na kutoka Nzega yanapopumzika kabla au baada ya mlima. Aliporudi alikuja ofisini kwangu na mchoro.

"Kuna miti mizuri ya kivuli hapa," akasema, akionyesha. "Uwanja sawa, wa kutosha. Lakini malori yote yanasimama huku juani, kwenye mteremko. Na mama ntilie wote wamefuata malori, na mafundi wa tairi wamewafuata mama ntilie. Soko zima liko mahali pabaya. Kwa nini?"

Nilikisia maji. Akatikisa kichwa. Nilikisia kivuli cha mlima jioni. Akatikisa tena, na niliona anafurahi.

"Betri," akasema. "Betri zao zimekufa na hazipatikani madukani. Dereva akisimama kwenye mteremko, akitaka kuondoka anaachia breki, lori linateremka, injini inawaka. Akisimama pale kwenye miti, atalala pale."

"Yaani soko limejengwa na betri mbovu?"

"Limejengwa na mteremko, mwalimu. Na nimeuliza: betri mpya zikija, mtahamia kivulini? Wamesema hapana, wameshazoea. Mmoja amesema tayari ameshachimba choo."

Niliuchukua mchoro nikaugeuza huku na huku. Kulikuwa na nyumba moja kando, imechorwa peke yake, haikuwa karibu na malori wala na miti. Nikamuuliza hiyo ni ya nani na kwa nini iko hapo. Alitazama, akakunja uso, akasema hakuuliza.

Tuliondoka wote wawili wiki ile ile, kwa lori, kwenda kuuliza.